Mashine Iliyochagua Wale Wale

Mjukuu wangu Achieng,

Babu yako anakusalimu, kifua chake kimetulia kidogo. Mimi nimechoka tu, na macho hayataki tena karatasi.

Umeuliza mbona programu yako inatoa nambari zile zile kila ukiiwasha. Hayo yalinipata Sindo, miaka ya tisini, nikifundisha shule ya wasichana. Vitanda vya bweni vilikuwa vichache, kwa hivyo nikaandika programu ya kuchagua kwa bahati nasibu nambari za wasichana wa kulala bwenini kila muhula. Muhula wa pili ikachagua wale wale. Mama Apiyo, ambaye bintiye alikuwa akitembea kutoka mbali, akaniuliza mbele ya wazazi, "Mwalimu, hii mashine yako iko na jamaa zake?"

Kumbe usipoipa nambari ya kuanzia, huanza pale pale. Nikairekebisha, kisha nikamwomba mama huyo abonyeze nambari yoyote aipendayo, iwe ya kuanzia. Akabonyeza. Bintiye akakosa tena. Nilishindwa kumtazama.

Akanishika mkono. "Leo tumekosa kama wengine," akasema. "Hiyo naweza kumwelezea mtoto."

Wacha nipumzike sasa.

Nyanya yako