Kwa Mama Biubwa, Aliyewalisha Usubi

Mwaka umetimia, mama, tangu Jumatatu ile ulipotoka nyumbani kwetu Kanga asubuhi, chai umeiacha nusu kikombe, ukasema unakwenda kumjulia hali Daktari Tumaini. Hukurudi kwa miguu yako. Inna lillahi wainna ilaihi rajiuun.

Kalamu nimepewa mimi, Sabra, kifungua mimba wako. Baba kasema aliyesema ndiye aandike, na wewe unajua nilichosema. Nitafika huko. Kwanza niache nikukumbuke ulivyokuwa, maana watu wakisikia jina lako siku hizi wanakimbilia mwisho.

Ulikuwa mtu wa kicheko cha karibu na mkono mwepesi. Kila mgeni aliyefika Kanga, awe mwalimu mpya au muuza vyombo, alikutana na chupa yako ndogo ya mafuta ya nazi uliyoyachemsha na majani ya mwarobaini. Sisi tuliozaliwa kando ya mikoko usubi wanatuuma na tunaendelea kupepeta mchele. Mgeni anavimba. Ndivyo tunavyomtambua, na ndivyo tunavyomtania. "Hawajamzoea bado," ulikuwa ukisema huku unampaka. Chupa yenyewe uliiita dawa ya wageni, na hakuna mtu wa nyumbani aliyethubutu kuigusa. Angechekwa wiki nzima.

Miaka tisa uliwalisha usubi wa mradi wa utafiti wa Daktari Tumaini. Daktari aliwafuga kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ile yenye bati jekundu, na wale wa kwanza aliwaleta kutoka Ras Kisimani, kule mji wa kale uliko chini ya mchanga na maji. Baba hakupenda. "Mababu zao wamekunywa damu za watu tusiowajua," alisema. Ukamjibu, "Basi, mume wangu, sasa watakunywa ya mtu unayemjua."

Nilikuja kukutazama mara nyingi. Kila Jumatatu ulikaa kwenye kiti cha dirishani, ukakunja mkono wa kushoto wa gauni, ukakiegemeza kikombe cha plastiki kwenye ngozi, mdomo wake umefungwa kitambaa chembamba na usubi ishirini wamo ndani. Saa ya ukutani hukuiamini. Ulihesabu kwa tasbihi: Subhanallah thelathini na tatu, Alhamdulillah thelathini na tatu, Allahu akbar hadi mwisho, ndipo unakiondoa. Wakati huo wote ulikuwa ukinihadithia habari za pweza na harusi za watu, na wao ndani ya kikombe walikuwa wakigeuka kutoka kijivu kuwa wekundu. Nilikuwa nikiangalia pembeni.

Kikombe kiliacha duara la vipele mkononi, na duara hilo likawa na mambo yake. Miezi michache baada ya kuanza kazi, ulikuwa jikoni unakuna nazi, usubi akakuuma kwenye kisigino. Kisigino hakikuwa na neno. Mkononi, mahali ambapo hapakuguswa tangu Jumatatu, duara liliinuka lote mbele ya macho yetu, kipele baada ya kipele. Ukalitazama, ukasema polepole, "Wanaitana." Siku ile niliogopa mkono wa mama yangu mwenyewe.

Daktari alikuja kutueleza, akakaa mkekani. "Usubi hachomi tu, bibi. Anatema mate kwanza, na mate ndiyo yanayozuia damu isigande, naye anywe kwa raha zake. Mwili unayajua yale mate. Kinga yako ina askari, na wengine hawarudi kambini, hubaki palepale chini ya ngozi wakilinda. Yakiingia mate kwingine, nao huamka."

"Wanakaa muda gani?" baba akauliza.

"Miaka, mzee. Wengine sijui."

Baadaye duara liliacha kuamka. Wewe ulikuwa umewazoea. Daktari alikutoa damu, akasema kinga yako bado inawatambua usubi wale ila haigombani nao tena. Ulicheka mpaka ukajishika mbavu. "Kama wake wenza wa siku nyingi," ulisema. Tangu hapo ulitembea Kanga umeinua kichwa, mwenyeji wa wenyeji, na sisi tulijivunia mkono wako.

Kisha kaka Hafidhi alipata mtoto kule Dodoma, akampa jina lako, nawe ukaenda kumlea somo yako. Ulikaa mwaka na nusu mahali pakavu pasipo na usubi hata mmoja. Kabla hujaondoka Daktari alikuonya, mimi nikiwepo. "Ukirudi, bibi, usishike kikombe peke yako. Tutaanza na usubi mmoja, na mimi niwe karibu." Ukaitikia, kama mtu anavyomwitikia mtoto.

Ulirudi mnene na mwenye furaha, na begi limejaa zabibu. Siku ya tatu, tunakunywa chai barazani, uliinua mkono kumimina, na gauni likateleza. Duara lilikuwa limesimama, jekundu, limevimba kuliko nilivyopata kuliona. Mdomo wangu ulitangulia akili.

"Jamani, njooni mwone! Mama kawa mgeni!"

Majirani wakaja. Walicheka wote. Baba akasema, "Mtafutieni soda mgeni wetu." Mimi nilikwenda ndani nikaileta ile chupa ya dawa ya wageni, nikaiweka mbele yako kwa heshima zote, watu wakaangua kicheko upya. Nawe ulicheka. Lakini ulishusha mkono wa gauni hadi kwenye kidole, na chupa hukuigusa. Siku zilizofuata ulivaa mikono mirefu hata ukiwa jikoni kwenye joto. Niliona, mama. Nilidhani umekasirika kidogo na yatapita.

Jumatatu Daktari alikuwa amekwenda mjini Kilindoni, nawe ulikuwa na ufunguo, kwa kuwa ulikuwa ukikifagia kile chumba. Adhuhuri ilipokaribia nikaja kukuita. Nilibisha hodi. Nikasema shikamoo, maana nilikuona kupitia dirishani umekaa kitini umenipa mgongo. Sikusikia marahaba.

Uso wako ulikuwa umevimba nisikujue. Vidole vya kulia vilikuwa bado vimeshika tasbihi, na punje zilizopita hazikufika hata kumi na tano. Kikombe kilikuwa kimeegemea mkono wa kushoto, kimeshikiliwa na uzito wa mwili wako. Wao ndani walikuwa wazima, wekundu, wameshiba. Sindano ambayo Daktari aliiweka kwa ajili ya balaa kama hilo ilikuwa kabatini, hatua nne kutoka kitini.

Nilikinyakua kikombe nikakitupa. Kitambaa kikafunguka. Wakanipitia mkononi, wengine wakanichoma kwenye kifundo cha mkono, kisha wakatoka dirishani kuelekea mikokoni na damu yako ndani yao.

Daktari alilia kama mmoja wetu. Alituambia, alivyofahamu yeye, kwamba kwa muda ule wa Dodoma mwili wako ulisahau uvumilivu lakini haukusahau adui. Duara lile jekundu lilikuwa onyo, na siku ile ile ungepelekwa kwake ungeishi. Sisi tuliliona onyo tukaita majirani waje kucheka. Nawe ulikwenda peke yako kuutafuta uenyeji wako mle mle kikombeni, kwa sababu binti yako alikuita mgeni mbele ya watu. Baba anasema ni kudra. Mimi nakubali kudra, na bado najua nilichokisema.

Kuna mengine uyajue. Wanawake waliokuosha walisema duara halikulala hata baada ya maji ya mwisho, wakalifunika kwanza kabla ya uso. Miezi sita baadaye Daktari alikuja na vichupa viwili vya damu yako vilivyobaki kwenye friji ya mradi. Alikuwa amevipima kwa mate ya usubi, na damu ile ilikuwa bado inawatambua. Baba akaviomba. Tulivizika miguuni pako baada ya Alasiri, watu watatu tu.

Tangu siku ile baba haui usubi. Akiumwa anauacha mkono wake ulivyo mpaka mdudu ashibe na kuruka mwenyewe, midomo yake ikicheza. Nilimuuliza anasema nini. "Namsalimia," akasema. Sikumuuliza tena.

Juma lililopita tulikusomea khitma. Hafidhi alikuja na mkewe na somo yako, Biubwa mdogo, ambaye sasa anakimbia na kusema kila kitu. Saa kumi jioni usubi wakampata barazani. Alivimba shavu na mikono yote miwili, akasimama katikati ya watu anajitazama. Majirani walinitazama mimi. Walikuwa wakingoja, maana mzaha huu ni wa kwetu na mimi ndiye hodari wake.

Nilimbeba nikampeleka kwa Daktari kwanza. Aliposema hakuna hatari, tukarudi barazani, nikaitoa chupa yako kabatini na kumpaka, nikimwambia hii ni dawa ya wageni. Mafuta yamebaki kidole kimoja.

Hapo ndipo na mimi niliumwa, mguuni. Nikangoja, kwa kuwa sasa najua. Kwenye kifundo changu cha mkono, pale waliponichoma wakitoka kwako, vipele saba viliinuka kimoja kimoja. Mtoto akavigusa. "Shangazi, na wewe ni mgeni?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Mwenyeji ni bibi yako."

Akachovya kidole chake kwenye chupa akanipaka dawa ya wageni, mbele ya watu wote, nami nikamwachia.

Ndilo nililotaka kulisema, mama, na nalisema gazetini ili waliosikia lile la kwanza walisikie na hili. Hukuwa mgeni Kanga hata siku moja. Nisamehe.

Unakumbukwa na mumeo Ussi Matano, wanao Sabra na Hafidhi, mkweo Zuhura, somo yako Biubwa, Daktari Tumaini, na majirani wote wa barazani, waliocheka nasi na wakalia nasi. Mola akupe kivuli na akusamehe, nasi atusamehe. Tutakukumbuka siku zote tulizojaaliwa, na tukisahau, ngozi itatukumbusha.