Mita Niliyoifunika kwa Kitambaa

Trela ya kijivu,
Kiwanja cha mwisho, juu ya machimbo ya kokoto.
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa saba.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na shemeji na wale mapacha wenu ambao naambiwa sasa hawakamatiki. Mgongo unaendeleaje? Kaka yako aliniambia daktari amekuamuru ulale chini kwenye godoro gumu. Basi usiinue ndoo, tafadhali, hata kama hakuna anayekuona. Sisi huku tu wazima, mama yako akiwemo. Hilo nimelitanguliza makusudi ili utulie unaposoma yanayofuata.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu zipo. Trela yetu ina urefu wa hatua saba. Nikiongea nawe mama anasikia, akiongea yeye nasikia mimi. Tena wewe, wifi yangu, una tabia ya kumkata mtu maneno katikati. Barua utaisoma mpaka mwisho.

Kwanza nyumba. Kuta zimefika kwenye linta na hapo zimeganda, kwa sababu mafundi wamesema watarudi baridi ikipungua. Nguzo za umeme nazo zimeishia machimboni, hazijapanda huku. Ndiyo maana kaka yako aliivuta hii trela waliyokuwa wakilala wapima barabara, akaweka paneli mbili juu ya paa, betri chini ya kitanda na inveta ya kugeuza umeme wa betri ukutani. Yeye yuko safarini na lori wiki tatu kati ya nne, kwa hiyo trela ni yangu na mama yako. Alikuja kusimamia ujenzi kwa wiki mbili. Huu ni mwezi wa tano.

Aliyetufungia umeme huo ni fundi tunayemwita Bwana Nukta, maana kila akimaliza kutoa maelezo anasema "nukta", na hapo hupati zaidi. Alituambia tangu siku ya kwanza kwamba betri ile ni ya taa, redio, simu na cherehani yangu, nukta. Nilipomuuliza kuhusu hita alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama trela inaweza kuruka.

Baridi ilipoingia nikanunua hita hata hivyo. Kazi yangu unaijua. Nashona viti vya magari, na vidole vikikakamaa sindano inaacha ngozi ya kiti inaingia kwenye ngozi yangu. Mama akasema kile kidude kitatuweka gizani. Nikamjibu kwa majidai, "Jua ni la bure, Bi Mkubwa." Jioni ya kwanza ilikuwa raha tupu, tukavua hata soksi. Mama aliusogeza mguu wake karibu na hita, na mimi nikauona, nikajisikia mshindi.

Halafu yakaja mawingu, siku tatu mfululizo. Ile Alhamisi nilikuwa na viti vya basi la shule vya kumaliza kabla ya mchana. Niliwasha hita chini ya meza ya cherehani. Ile mita ndogo ya betri ilionyesha asilimia arobaini na moja. Nikajiambia nusu saa tu. Nilipoitazama tena ilikuwa kumi na mbili, na inveta imeanza kulia kama kifaranga.

Sasa, wifi yangu, soma hapa polepole. Mama alikuwa nje anakagua matofali. Nilizima hita, nikachukua kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye viti, nikaifunika ile mita nacho, nikakinyoosha kikae kama pambo. Nikapakia viti kwenye mkokoteni, nikateremka kwa mteja. Sikumwambia. Nilijua manyunyu yanakuja. Nilijua ataingia ndani anatetemeka na kubonyeza swichi ya hita, na haitawaka. Nilichoogopa mimi ni lile tabasamu lake la upande mmoja wa mdomo, lile ambalo hata wewe umelirithi.

Nilirudi saa kumi alasiri. Kabla sijafika mlangoni niliona vioo vimefunga ukungu na taulo limechomekwa kwenye upenyo wa dirisha. Ndani, jiko la mkaa lilikuwa jekundu katikati ya sakafu. Mama alikuwa amekaa chini, kichwa kimeegemea ukingo wa kitanda, anaongea na mtu ambaye hayupo. Alikuwa anamwambia asukume, bado kidogo, mtoto anaonekana, kama enzi zake za ukunga.

Nilimshika makwapani nikamburuta mpaka kwenye majani. Nilipiga kelele ambazo sikumbuki. Alitapika, akafumbua macho, akayafumba tena. Dereva wa lori la kokoto alitusikia akageuza, akatuteremsha hadi zahanati. Daktari alimwekea oksijeni usiku kucha. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba hewa ile ya mkaa haina harufu, na kwamba ningechelewa nusu saa tusingekuwa na mazungumzo yale.

Wewe ulipiga simu Ijumaa asubuhi. Nilikwambia amelala. Kweli alikuwa amelala, lakini ulikuwa uongo.

Alipopata nguvu ya kukaa, mama alinishika mkono akasema, "Binti yangu asijue. Akijua atakuja kunichukua kama mzigo uliosahaulika stesheni." Nilikubali haraka mno. Alidhani ninamtunzia siri yake, kumbe ninaitunza yangu.

Bwana Nukta alikuja wiki hiyo hiyo. Hakufoka. Aliing'oa hita kwenye soketi, akaiweka nje ya mlango, kisha akatukalisha wote wawili kitandani kama wanafunzi. Akasema betri yetu, hata jua liijaze pomoni, hita ile inaikausha kwa saa mbili, na joto lenyewe linatoka kupitia kuta hizi za bati kabla ya chai kupoa. "Msipashe hewa joto," akasema. "Hewa haina shukrani, inatoka nje. Pasheni watu." Ile siku hakusema nukta.

Akatuletea blanketi la umeme, lile dogo wanalotumia madereva wa malori, linalochomekwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia inveta. Likiwaka usiku mzima linakula chini ya nusu ya kile ambacho hita inakula kwa saa moja. Paneli akaziinua zisimame zaidi, maana jua la msimu huu linapita chini. Akatoboa tundu la hewa karibu na dari na lingine karibu na sakafu, akasema atakayeyaziba amwite yeye kwanza. Na juu ya mlango amefunga kidude cheupe kinachopiga kelele hewa ikichafuka. Mama anakiita mkwe, kwa sababu hakilali na kinasikiliza kila kitu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya sindano, na hapo ndipo niliposhika usukani. Nilipanga sponji za viti chakavu ukutani, nikazifunika kwa kitambaa kizito. Nikashona mapazia mazito ya madirisha, na mazulia mawili sakafuni yakiwa yamegeuziana migongo. Mama alinikatia vipande. Unajua ana mkono wa kunyoosha kitambaa kuliko vijana wote niliowahi kuwafundisha? Miaka tisa nimeolewa kwenu na sikulijua hilo. Tulikaa goti kwa goti siku nne, maji ya moto kwenye chupa ya mpira yakihama kutoka mapajani mwake kuja mwangu.

Siku ya nne nikakifikia kile kitambaa juu ya mita. Kilikuwa bado kinaning'inia. Mama akaniambia nikitoe, kitafaa kuzibia kona ya dirisha. Mikono ikakataa. Nikamweleza yote, asilimia arobaini na moja, asilimia kumi na mbili, mkokoteni, tabasamu.

Alikata uzi ambao haukuhitaji kukatwa. Kisha akasema kwamba miaka tisa nimemwita Bi Mkubwa kama karani anayeita watu dirishani, na siku ile nikimburuta kwenye majani nilikuwa nalia mama, mama. Akasema alinisikia vizuri. Kuhusu mita hakusema lolote. Nilitaka anikaripie, wifi, nimalizane na deni la moyo. Hakunipa nafuu hiyo.

Sasa nimeipata barua yako kwa kaka yako, ile unayosema mama ahamie kwako kabla mwezi haujaisha. Alinisomea kwenye simu. Sikuandikii nikuombe umwache. Una nyumba ya matofali, una umeme wa nguzo, na ni mama yako kabla hajawa wangu. Nakuandikia kwa sababu ulikuwa unaamua bila kujua nusu ya mambo, na nusu hiyo nilikuwa nimeikalia mimi. Ukinilaumu, nitaelewa. Ukikaa mwezi bila kunipigia simu, nitaelewa pia, ila usizidishe mwezi.

Jana nilimsomea mama barua hii tangu juu hadi mstari uliopita, kwani siri ilikuwa yake pia, na nilimwambia akikataa nitaichana. Alisikiliza akiwa ndani ya blanketi lake, mikono nje. Nilipomaliza alisema nimeiandika vibaya, nimejipendelea. Nikauliza kivipi. Akasema:

"Umejipa kosa lote. Miaka thelathini nimezalisha watu, na kila mzazi niliyemruhusu kwenda nyumbani nilimwambia usiwashe mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Nilijua. Nilikuta swichi haiwaki, nikaona heri niugue kuliko kukusubiri nikuulize. Andika hivyo."

Nimeandika. Akaongeza kwamba uje kabla hujamkatia tiketi. Ulale humu siku tatu, kitanda kile cha kukunjua kinatosha na ni kigumu kama daktari wako anavyotaka. Ukishaona anavyolala, mkae mezani muamue, yeye akiwepo na akiwa na kura yake. Nami nitatoka nje niangalie matofali.

Msalimie shemeji, na mapacha wabusu mmoja mmoja kwa haki sawa. Msalimie na yule shangazi yenu wa jirani, mwambie kiti cha gari alichoniagiza bado nakikumbuka. Kaka yako anakusalimu kutoka barabarani. Mungu aushike mgongo wako, aipe nyumba yako joto la kutosha na dirisha moja lililo wazi.

Wako akupendaye, na akuogopaye kidogo wiki hii,

Wifi yako, mshona viti.

Hapa chini mama ameomba kalamu, maandishi makubwa ni yake:

MWANANGU, NJOO. LETA SOKSI NZITO. SIJAAMUA BADO.