Nilisema Mama Hayupo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana nimeshindwa kufungua mlango mmoja tu.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, na mama yangu, fundi cherehani, yuko hospitali mwezi wa tatu sasa tangu apate kiharusi, macho anafumbua lakini hafuati kidole wala habinyi mkono akiambiwa, na mama mdogo alikuwa akija kila siku kumpigia soga, kumsimulia nani kaleta gauni limechanika kwapani na nani kanenepa anasingizia kitambaa, mpaka siku moja nikamkatiza, "Mama mdogo, acha, hayupo, hayo macho ni mwili tu," naye akanijibu, "Nyie wasomi, mtu asipoitikia salamu mmeshamzika?" lakini akanyamaza, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma, na chumba kikawa kimya wiki tano.

Juzi daktari alimvisha mama kofia ya nyaya, akamwambia, "Fikiria unakanyaga cherehani. Sasa acha." Mguu haukutikisika, lakini kwenye skrini ubongo ulianza na kuacha kama alivyoagizwa, tena na tena. Tangu hapo nafika mlangoni, nashika kitasa, narudi nyumbani. Nitamwambia nini mtu niliyemfuta huku anasikia?

Mwalimu wa Mlangoni

Pole sana, mwanangu. Kutojua si dhambi, hata madaktari hawakujua. Ila uliuchukua ukimya wake ukaufanya jibu, na hapo ulikosea. Kipimo kile hakisemi alisikia kila neno siku ile. Na kama skrini isingeonyesha kitu, bado usingekuwa na haki ya kusema hayupo. Sasa unarudia kosa lile lile: umejua yupo, na bado unamnyima sauti yako!

Kesho ingia. Sema wewe ni nani, leo ni siku gani, nje kukoje. Mwombe radhi kwa maneno machache, usimwangulie kilio, hana mkono wa kukubembeleza. Usitafute msamaha wala hasira usoni pake. Muulize daktari kama kukanyaga kule kwa mawazo kunaweza kuwa "ndiyo" yake akiulizwa swali.

Lakini kwanza pitia kwa mama mdogo, umwombe radhi, mwende naye. Ana habari za kumalizia. Mama yako ni fundi, na huenda wiki tano zote hizi anajiuliza lile gauni la kwapa limeshonwa na nani.