Dada Hakwenda Mahakamani kwa Sababu Yangu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na naomba ukiichapa barua hii usitaje mtaa, maana mtaa mzima hunyolewa kwangu. Mimi ni kinyozi, nina miaka arobaini na saba, nina mke na watoto watatu, na kibanda changu kina viti viwili, kioo kirefu chenye ufa, na redio ambayo tangu kesi ya yule waziri wa zamani ianze sijaizima mchana hata siku moja. Watu wananiita Jaji. Sikujiita mwenyewe, waliniita wao, ila sikuwakataza. Kesi ile niliifuata miaka miwili, gazeti la asubuhi na la jioni, mashahidi wote nikawajua kwa mpangilio, nani alisema nini, wakili gani alisimama kupinga na hakimu akamjibu vipi, na mteja akikaa kitini hata kabla sijamfunga shuka shingoni anauliza, “Jaji, leo vipi?” nami naanza, na wengine wanakuja nywele hawana, wanakuja kusikiliza tu. Siku mtoto wetu wa pili alipolazwa mke wangu aliniambia, “Tai ya wakili wa waziri unaijua rangi, dawa ya mwanao huijui jina,” nikaona ananionea.

Sasa dada yangu. Ni mkubwa wangu kwa miaka sita, anafua mashuka hospitalini, mume wake alifariki mwaka juzi akamwachia nyumba ya vyumba vitatu waliyoijenga wote wawili, na mimi mwenyewe nilibeba maji ya kuchanganyia saruji. Hawakujaliwa mtoto. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaanza kudai kwamba kiwanja kilikuwa cha baba yao, dada akampuuza, mpaka alipoletewa samansi ya mahakama kazini, na badala ya kwenda kwa mwanasheria akaja kwangu, kwa sababu yeye alikuwa na mdogo wake anayeitwa Jaji.

Aliingia kibandani na sare yake ya kazi, mikono imelowa mpaka viwiko. Watu wamejaa, redio inaongea. Wiki ileile wakili wa waziri alikuwa amefanikiwa shtaka zima lifutwe kwa sababu hati ilikosewa jina la kampuni, herufi mbili tu, na mimi nilikuwa nimelieleza jambo hilo siku nne mfululizo kama nimelitunga mimi. Basi nikaichukua samansi ya dada, nikaisoma kwa sauti mbele ya wateja, nikaona jina la baba yetu, lililofuata lake, limepungua herufi moja. Mshauri, nilifurahi. Dada yangu anashtakiwa na mimi nilifurahi, kwa kuwa nimepata cha kusema.

“Dada, karatasi hii haina nguvu,” nikamwambia. “Jina si lako.”

“Lakini wamenipa mimi mkononi,” akasema. “Aliyeileta aliniuliza kama mimi ndiye mjane wa marehemu, nikamwambia ndiyo.”

“Hapo ndipo wanapokutega. Ukienda, umekubali kwamba ni wewe. Usipokwenda, hawana kesi.”

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye nilikuwa nimemfikisha nusu ya kichwa, akasema, “Jaji, mwache aende akasikilize tu. Kwenda kunamdhuru nini?”

“Mwalimu, wewe ulifundisha hesabu,” nikamjibu, na watu wakacheka.

Dada aliniuliza mara mbili. Mara ya pili alinishika mkono wenye mashine akasema, “Mdogo wangu, una uhakika? Mimi sina pengine pa kwenda.” Nikamwambia nina uhakika kama ninavyolijua jina langu, akaikunja ile karatasi akarudi kazini.

Tarehe yake ilipofika sikuikumbuka hata kidogo, kwa sababu iliangukia siku ya hukumu ya waziri. Waziri aliachiwa huru, tukabishana mpaka kuna watu waliondoka bila kuagana, nami nilikuwa katikati yao nikieleza kwa nini hakimu hakuwa na njia nyingine. Asubuhi hiyohiyo, kwenye mahakama ndogo iliyo nyuma ya soko, jina la dada yangu liliitwa mara tatu mlangoni na hakuna aliyeitika, naye alikuwa kazini anasuuza mashuka, ametulia, kwa sababu yangu.

Wiki tatu baadaye alileta hukumu. Shemeji yake alisikilizwa peke yake, akapewa nyumba, na dada anatakiwa awe amehama ndani ya siku arobaini na tano. Safari hii niliisoma kimya. Aliningoja nimalize, halafu akaniuliza, wala hakuwa ananikejeli, alikuwa anauliza kweli, “Na hii je? Jina bado si langu.” Nikamwomba aniachie karatasi zote mbili.

Siku ya pili nilikwenda mahakamani peke yangu, na aibu nyingine ndiyo hii, ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kuingia kwenye jengo la mahakama. Karani wa masjala, binti mdogo tu, aliisoma ile samansi akaniambia, “Herufi moja? Angekuja, tungeisahihisha kwa kalamu.” Akanieleza kwamba dada ana siku thelathini, tangu hukumu imfikie, za kuomba kesi ifunguliwe upya, ila lazima aape kwa maandishi na aeleze sababu ya kweli iliyomfanya asifike. “Sababu yake ni nini?” akaniuliza, kalamu mkononi. Nikamwambia nitarudi.

Sababu ni mimi, mshauri. Akiandika hivyo itasomwa mbele ya hakimu, shemeji yake atasikia, na kesho yake mtaa mzima utajua kwamba Jaji ndiye aliyempotezea dada yake nyumba, na nani atakaa tena kwenye kiti changu? Nina mteja wangu mmoja ni tabibu, yuko tayari kuandika cheti kwamba siku ile dada alikuwa na homa kali. Nimemwambia dada, akanijibu, “Sikuumwa. Nilikuwa kazini, nimesaini daftari.” Lakini majirani wakimuuliza anasema alisahau tarehe, hajanitaja kwa mtu yeyote, na hilo ndilo linanitafuna kuliko kama angenitukana. Mke wangu hasemi na mimi tangu aliposikia habari ya cheti. Siku kumi na moja zimekwisha. Naomba unishauri, kuna ubaya gani akisema aliumwa, ikiwa nyumba itarudi? Na nimwambieje ili akubali?

Mimi, kinyozi

*

Ndugu kinyozi,

Barua yako imetumia siku tano kunifikia. Kumi na moja na tano ni kumi na sita, zimebaki kumi na nne, na ukitoa siku ambazo mahakama imefungwa una kumi tu. Umekaa unapima jina lako huku dada yako anaishiwa na muda.

Nilipiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha, akapokea mkeo, na jibu hili nalituma leo kwenye simu yake kabla halijachapwa. Ameniambia wifi yake ameshaanza kufunga vyombo. Ameshusha mapazia na kuyakunja, na sahani amezifungia kwenye mashuka mabovu aliyoruhusiwa kuyachukua kazini. Wewe hujui, kwa sababu wiki hii hujafika kwake. Aibu imekuzuia. Yeye aibu hiyo hana nafasi nayo.

Nikuondolee wasiwasi mmoja. Kufuata siasa na kesi za wakubwa si kosa, hata mimi hukumu ya waziri niliisikiliza mpaka mboga ikaungua. Mtu mzima anapaswa kujua nchi yake inaendeshwa vipi. Lakini waziri yule alikuwa na mawakili watano, waliosoma, wenye majalada. Dada yako alikuwa na wewe, na mashine mkononi, na watu nyuma yako wanangoja kucheka. Aliposema hana pengine pa kwenda, hukumsikia. Ulikuwa unawasikiliza wao. Mwalimu alikupa njia ya kutoka bila kuaibika, ukamgeuza kichekesho akiwa amenyolewa nusu.

Nakuamini unaposema inakutafuna. Nakuonea hata huruma, maana kumponza mtu unayempenda kwa mdomo wako mwenyewe ni mzigo. Ila huruma yangu inaishia kwenye hicho cheti. Unataka mwanamke aliyesaini daftari la kazi aape kwamba alikuwa kitandani na homa. Shemeji yake atahitaji asubuhi moja tu kulipata daftari hilo. Hapo dada yako atakuwa amepoteza nyumba, na juu yake ana kosa la kuapa uongo, na tabibu wako ana lake. Mara ya kwanza ulimponza kwa kujidai. Mara hii utakuwa umekusudia. Na unaniuliza umwambieje ili akubali. Usimwambie chochote. Yeye ameshakupa jibu la mtu mwenye akili, na wewe umelipita.

Sasa sikiliza. Kesho usifungue kibanda. Nenda kwa dada kabla hajatoka kwenda kazini, na usianze na maelezo ya sheria. Mwambie, “Nilisema ninajua na sikuwa najua.” Ukimaliza hapo nyamaza, hata akilia, hata akikufukuza. Kisha mwombe ruhusa ya kufuatana naye. Uliza pale mahakamani ilipo ofisi ya msaada wa kisheria, mwende na samansi na hukumu, na umwache mwanasheria aongee. Ukijisikia unataka kumsahihisha, toka nje ukasimame barabarani.

Dada ataapa ukweli wake, kwamba alidanganyika akiwa na nia njema. Wewe utaapa wako, kwa jina lako lote, si la Jaji: kwamba ulimwambia asiende, kwamba aliuliza mara mbili, kwamba ulimhakikishia. Karatasi yako inaweza kumsaidia kuliko maneno yote uliyowahi kusema kitini pale. Halafu nenda nyumbani kwa mwalimu, umwombe radhi, umwombe naye aandike alichosikia. Akikataa, ana haki.

Unauliza nani atakaa tena kwenye kiti chako. Wengine hawatakaa. Wenye nywele watarudi, kwa sababu watakuwa wamefuata kunyolewa. Mtu akikuletea karatasi ya mahakama, sema, “Sijui, nenda ukaulize masjala,” na uendelee na kazi.

Siwezi kukuahidi kwamba hakimu atakubali. Watu wenye sababu nzuri kuliko hii wamekataliwa. Akikataa, usimtafutie dada yako chumba cha kupanga mtaa wa mbali ambako hutamwona. Mpe chumba mnacholala wewe na mkeo, kile chenye dirisha. Mkeo nimemuuliza, amekubali kulala na watoto. Wewe utalala sebuleni. Na kwa miaka yote atakayokaa hapo, usije hata siku moja ukamkumbusha kwamba ulijaribu.