Si Josefina Aliyewalowesha Samaki

Lindi

Mdogo wangu Zuhura,

Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Ujiji, na kwamba goti lako halikusumbui sana katika mvua hizi. Mimi ni mzima wa mwili. Hapa kwa mwanangu Idi nakula vizuri, wala sina la kulalamikia. Usingizi tu ndio ulionikimbia, nami nitakueleza sababu.

Nyumba hii iko jirani na mashamba ya chumvi. Mchana upepo huleta vumbi jeupe pamoja na rasharasha za mawimbi, vikaganda kwenye nondo za dirisha langu. Asubuhi nazikuta nondo zimelowa, ilhali mvua haikunyesha. Nilidhani mke wa Idi, ambaye hufundisha sayansi, humwagilia maua yake ovyo. Nikamkaripia.

“Baba, mimi sijamwaga maji,” alinijibu. “Hiyo ni chumvi. Huvuta maji yaliyomo hewani mpaka ikayeyuka yenyewe.”

“Mbona ya mezani haifanyi hivyo?”

“Ya mezani imesafishwa. Hii ya bahari, ikiwa ghafi, ina chumvi nyingine chungu ndani yake, nayo ina kiu kweli. Haisubiri hewa ilowe sana.”

Zuhura, nilikaa kitini, nikalikumbuka gunia la chumvi ya hapa nililokutumia.

Wewe na marehemu mama mliwatia migebuka, samaki wetu wa ziwani, chumvi ya Uvinza miaka yote, na hakuna mteja aliyelalamika. Mimi ndiye niliyesema kwamba ya Uvinza ni ya kupikia mboga, na kwamba mfanyabiashara mwenye akili hutumia ya bahari. Ukatii. Mvua zilipoanza, samaki walitoka juani wakavu, wakalala ghalani, wakaamka wanachuruzika. Ukanipigia simu, ukaiweka kwenye spika pale barazani kama tufanyavyo katika mambo ya ukoo, majirani wakisikiliza.

“Kaka, samaki wanatoka jasho!”

Jirani yako Mama Shida akadakia, “Labda wana homa, Mwalimu! Wapeleke zahanati!” Watu wakacheka.

Kicheko kile kilinichoma. Nikatoa hukumu bila kuuliza hata swali moja: “Huyo msichana wako wa kazi ndiye anayewanyunyizia maji, wazidi uzito kwenye mizani, naye auze ziada kwa siri. Mwondoe.”

Nilimsikia Josefina akisema, “Mzee, sijawatia maji. Imana irabizi, Mungu anajua.”

Nami nikamjibu: “Nyamaza. Usimtaje Mungu katika wizi.”

Mwanao Hamisi ameniambia kwamba Josefina sasa yuko kwa mama yake Mwandiga, na kwamba kila muuza samaki wa soko la Mwanga anayemwendea kuomba kazi humjibu, “Si wewe yule wa maji?” Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu. Mwizi hakuwapo. Ilikuwapo chumvi yangu tu.

Wewe pia una kosa, lakini ni dogo: uliniamini mimi kuliko macho yako. Ningeweza kupiga simu, ila simuni huwa nasema kabla ya kufikiri, tena nataka uwe na kitu cha kuwasomea watu. Waite wale wale waliokuwapo barazani, Mama Shida awe mbele, Hamisi asome kwa sauti wala asiruke neno. Asiyeamini, mwekee sahani mbili ghalani hadi asubuhi, moja ya Uvinza na moja ya gunia langu. Kisha nenda nao Mwanga, ukaseme hivyo hivyo kwenye meza za samaki.

Mwandiga uende wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Ukimkuta Josefina ana hasira, usimwambie kwamba mimi ni mzee wa kuheshimiwa. Mwambie nimekosa, na kwamba nafasi yake ni yake akiitaka.

Nisalimie shemeji yangu, mume wako, na kikohozi chake. Mpe Hamisi pongezi kwa kuniambia ukweli ambao wakubwa walinificha. Shangazi yetu wa Kalinzi mpe shikamoo yangu.

Kwa Josefina sijathubutu kuandika salamu. Muulize kwanza kama atazipokea.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu Ramadhani