Niliinyima Maji Bunduki ya Mzee Pyarali

Bi Clementina mpendwa, wewe unayewajibu watu shida zao, naomba msaada, na ujue mapema kwamba mimi si mtu wa kuomba, huku ughaibuni Rexdale watu ndio huniomba mimi, uliza ghala lolote la karibu na uwanja wa ndege ni nani anaendesha forklifti kwa mkono mmoja na kula sambusa kwa mwingine, watakuonyesha mimi. Shule niliiacha kidato cha pili lakini leseni ya bunduki ya nchi hii ninayo, mtihani mzima wa Kiingereza, na nilianguka mara moja tu, kwa hivyo usinisome kama mtoto.

Kuna mzee anaitwa Pyarali, mzaliwa wa Kisumu, miaka themanini na moja, anaishi Unionville, upande wa pili wa mji, peke yake tangu mkewe, Mama Parin, afariki. Tulijuana siku nilipompelekea kifurushi nikateleza kwenye barafu ya mlangoni pake, nikatukana kwa Kiswahili, akafungua dirisha akasema, "Tusi hilo mara ya mwisho nililisikia sokoni Kibuye. Ingia unywe chai." Tangu hapo namwendesha kwenda kwenye mchezo wake, kwa sababu macho yake na barabara kuu hayaelewani tena.

Huo mchezo, Bi Clementina, ni wa watu wazima kuvaa kofia pana na viatu virefu kama wachunga ng'ombe wa Marekani wa zamani, wanasimama kwenye uwanja wa shabaha kaskazini mwa mji na kupiga vibao vya chuma kwa bunduki za kizamani huku saa inawahesabia, na kila mtu ana jina la kuigiza. Mzee ni Dukawala. Mimi ni Radi ya Kipling, Kipling ni barabara ya mtaani kwetu, nilijipa mwenyewe kabla hawajanipa lingine, na nikawaambia wazi kwamba pale uwanjani aliyewahi kuchunga ng'ombe wa kweli ni mimi peke yangu, wao wamechunga kofia.

Bunduki yake ni ile yenye mkono wa chuma chini ya kifyatulio, unausukuma mbele ganda linatoka, unaurudisha risasi nyingine inaingia. Wengi hutumia baruti ya kisasa, lakini Mzee hutumia nyeusi, ile ya kale, inayotoa moshi kama jiko la kuni mbichi na kuacha masizi kila mahali. Risasi anazijaza mwenyewe kwenye meza ya jikoni, anazipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya kondoo, kipimo cha Mama Parin, ndani ya sufuria ya Mama Parin. Na ana sheria moja. Tukimaliza kupiga hutoa chupa mbili za kutunza joto, ya buluu ina chai, nyekundu ina maji matupu ya moto ya kuoshea bunduki, na huniambia, "Inywe kwanza yenyewe, dikra, halafu sisi." Dikra ni mwanangu, kwa lugha ya kwao.

Sasa mwezi uliopita alikuwa anakohoa, nikamwambia, "Mzee, nenda garini ukae kwa joto, hii niachie." Akaenda. Baridi ilikuwa inauma, njaa inauma, nikaangalia chupa nyekundu, nikaangalia tambi zangu za pakiti, nikamimina. Pakiti mbili. Lakini usinihukumu haraka, mjomba wangu ni polisi Eldoret na alinifunza kwamba maji na bunduki ni maadui, kwa hivyo moyoni nilijua nafanya vizuri kuliko Mzee, nikachukua oili ya forklifti ninayotembea nayo, nikaimwaga humo ndani kwa ukarimu, nikaifuta nje ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Akauliza, "Imekunywa?" Nikasema, "Imekunywa na kushiba." Akaifungia kabatini kwake wiki tatu.

Jumamosi iliyopita mashindano, zamu ya Dukawala. Risasi ya kwanza kibao kikalia, ya pili, ya tatu, ya nne mkono wa bunduki ukagoma. Akausukuma, haukwenda. Saa inahesabu, na jamaa mmoja wa kitambaa cha njano akasema, "Dukawala leo amefunga duka mapema," wakacheka, na mimi nilicheka kidogo, Mungu ananiona. Ikabidi msimamizi aichukue na kuitoa risasi kwa nguvu.

Mzee akaniuliza pembeni, "Siku ile uliiosha kwa maji?"

Nikamwambia, "Niliosha, Mzee. Labda ni risasi zako."

Akaangalia mikono yake. Tulipofika Markham, karibu na kwake, ndio akasema, "Mikono hii ilikuwa inapima baruti bila kumwaga punje. Parin angekuwepo angeniambia mapema kwamba imekwisha." Bi Clementina, ameamua kuacha kabisa, Jumapili hii kuna mtu anakuja kuichukua bunduki, na ile sufuria ya nta amenipa nikaitupe. Iko kwenye buti ya gari langu, sijui niifanye nini, kila nikipiga kona inagonga.

Mpango wangu ni huu, nimwombe niifute bunduki mara ya mwisho, niioshe kimyakimya, halafu nimwambie ajaribu mara moja tu, ikifanya kazi ataona ni muujiza na atabadili nia, na mimi nabaki Radi. Sema tu ndiyo.

Radi ya Kipling, Rexdale

*

Radi,

Hapana.

Nilipofika kwenye tambi nilicheka, na nilipofika Markham nikaacha. Una mdomo mwepesi, mwanangu, na moyo si mbaya, maana mwenye moyo mbaya sufuria ile angekuwa ameshaitupa. Lakini umemfanya mzee wa watu aione mikono yake imekufa ili wewe usionekane umekula tambi.

Mimi bunduki sizijui. Nilimpigia Fidahussein, fundi aliyezitengeneza kwa miaka thelathini, na swali lake la kwanza lilikuwa maganda ya Mzee ni ya namna gani. Sikujua, nikampigia katibu wa klabu yenu, akasema Dukawala hutumia yale membamba ya kizamani yenye shingo nyembamba. Fidahussein akasema basi jibu limepatikana. Ganda la namna hiyo risasi ikilipuka hutanuka likaziba mtutu, moshi haurudi nyuma, na nta laini hufanya masizi yabaki laini. Risasi za Mzee hazina kosa. Masizi ya baruti nyeusi yana chumvi ndani yake, yanavuta unyevu na kula chuma, na dawa yake ni maji ya moto, kisha kukausha, kisha mafuta. Wewe uliruka mawili ya mwanzo, na oili ya mashine ikikutana na masizi hayo inakuwa lami. Mjomba wako alisema kweli kuhusu bunduki yake. Hakusema kuhusu hii. Hata sufuria iliyoungua hakuna mama anayeipaka mafuta juu ya ukoko akaita hiyo kuosha.

Sasa mpango wako. Ukiiosha kimya bunduki itapona, na Mzee atabaki anaogopa mikono yake mwenyewe. Muujiza wako utamponya nani? Wewe.

Kwa hiyo utakwenda leo jioni, usingoje Jumapili. Utasema ukiwa bado mlangoni, kabla hajakukaribisha chai, kwa sababu ukishaishika chai yake utaanza hadithi za ng'ombe. Sema maneno haya: "Maji niliyamwaga kwenye tambi, nikatia oili, nikakudanganya mara mbili, na kwa wenzako nilicheka." Usitie "kama nimekukosea". Umemkosea. Akikasirika, nyamaza, akikufukuza, sufuria iache mlangoni, imeoshwa, na kesho yake urudi. Akikuruhusu uingie, hakikisheni wote wawili bunduki haina risasi, halafu aifungue yeye. Yeye, Radi, kwa mikono hiyo hiyo. Kazi yako ni kushika taa na kumimina. Kama kutu imeshauma ndani, mtaiona pamoja, na hapo pia hutatafuta wa kumlaumu. Baada ya hapo akitaka bado kuiuza, ni yake, auze. Lakini atakuwa anauza akijua ukweli.

Na Jumamosi ijayo uwaambie wale wa kofia, huyo wa kitambaa cha njano kwanza, ni nani aliyelifunga duka.

Tafuta chupa kama ile nyekundu, uijaze huko huko kwako, maji yakiwa yanachemka. Chupa nzuri hushika moto kwa muda wa saa sita, na kutoka Rexdale hadi Unionville haifiki hata saa moja. Usiniandikie kwamba maji yalipoa.

Bi Clementina