Mama Yake Nesi Akinyi Hakupimwa

Dada Atieno,

Hamjambo nyumbani? Samaki wa Rusinga ni watamu, lakini leo nimekula nimeudhika. Mtafiti mgeni mezani kwetu alisema korona haikuua wengi huku kwa sababu wengi wetu ni vijana. Nesi Akinyi, mwenyeji wangu, akaacha ugali.

“Mama yangu alikuwa mzee,” akasema. “Alikosa pumzi humu nyumbani. Kituoni tulikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni, nao ulikuwa umewekewa mgonjwa mwingine.”

“Alipimwa?” mtafiti akauliza.

“Kwa kipimo gani?”

“Basi hayumo kwenye hesabu yetu.”

Akinyi akamtajia mtafiti jina la mama yake, herufi moja moja, mpaka mtafiti akaliandika.

Mpeleke Baba akapimwe kifua, tafadhali. Nawapenda sana.

Nduguyo Ouma